Mstari wa Ndiyo

MBAMBU: Haloo? Hii namba siijui. Nani anapiga?

NOBERT: Ni mimi, Mbambu. Nobert, kaka yako. Simu yangu imekufa chaji, hii ni ya Aziz, yule seremala wa hapa Kasese.

MBAMBU: Ah, kaka. Wasibire.

NOBERT: Wasibire. Mko namna gani huko Bwera?

MBAMBU: Tuko. Mwili ya Baba tuliitoa hospitali saa nne. Iko ndani, wamama beko naye.

NOBERT: Kale, sawa. Sanduku lake linapigwa vanishi. Likikauka napakia, jioni niko huko—

MBAMBU: Umelia?

NOBERT: Bado. Wewe?

MBAMBU: Hata mimi. Depi asubuhi, toka nimeamuka, nangoja machozi, haikuji. Nimepika chai ya watu wote hawa, nimefagia uwanja mara mbili. Sisikii kitu kwa roho.

NOBERT: Itakuja.

MBAMBU: Labda. Sikia, wachimbaji beko hapa. Walishapima Baba na mwanzi, beko wameushika tu, wananiuliza wachimbe wapi.

NOBERT: Wapi namna gani? Si nyumbani, kwa shamba la kahawa, pembeni ya kaburi la Mama?

MBAMBU: Mutu wa muji alikuja na bar— (mkwaruzo)

NOBERT: Haloo? Inakwaruza, sema tena!

MBAMBU: Barua! Depi waliunganisha vijiji mbili, ya juu na ya chini, sisi hatuko kijiji tena. Kuzika nyumbani imekatazwa. Maiti zote ni makaburi ya muji, kule nyuma ya machinjio.

NOBERT: Lakini hiyo sheria—

MBAMBU: Unaijua.

NOBERT: Naijua.

MBAMBU: Wewe ndiye uliieleza kwa redio, wiki mbili. Lami, taa, maji ya bomba, muji moja, sheria moja. Halafu kwa mukutano muzee mumoja akauliza, na makaburi yetu? Ukamujibu—

NOBERT: Mbambu.

MBAMBU: —ukamujibu maiti haisomi ramani. Watu wakacheka mpaka wakashika tumbo.

NOBERT: Ilikuwa mchezo tu, banange! Nilikuwa natafuta watu wa upande wetu.

MBAMBU: Sikugombezi. Nguvu ya kugomba sina. Nataka tu hawa watu waanze kazi.

NOBERT: Baba mwenyewe alisema nini? Mwishoni?

MBAMBU: Ile ya siku zote. Pembeni ya Mama.

NOBERT: Ndiyo sababu alinikataa. Siku ile ya kura ya kuunganisha, tulipojipanga mistari, wenye kukataa upande wa kanisa, wenye kukubali upande wa soko, mimi mbele yao. Nilijua tu Baba iko kule kwa kanisa, ananitazama mgongo. Toka siku ile sijakuja nyumbani. Nilikuwa na haya, na hasira pia.

MBAMBU: Hakukuwa kwa kanisa.

NOBERT: Alibaki nyumbani?

MBAMBU: Alikuja. Alisimama kwako.

NOBERT: Acha, Mbambu.

MBAMBU: Kwa mustari yako, mwisho kabisa, na fimbo yake. Ulikuwa mbele, hukugeuka. Mwenye kuongoza mustari anageuka wapi? Mimi ndiye nilimushika mukono.

NOBERT: Lakini alikataa! Kila nikifungua mdomo alikataa—

MBAMBU: Nilimuuliza. Akasema, sipendi watu waone mutoto wangu na mustari mufupi.

(upande wa Nobert, nyundo ya seremala inagonga)

MBAMBU: Haloo? Imekatika?

NOBERT: Niko. Mstari wetu ulikuwa mrefu sana. Hata bila yeye tulishinda.

MBAMBU: Macho yake haikufika mbele. Hakujua.

NOBERT: Na wewe hukunipigia?

MBAMBU: Alinikataza. Alisema atakuambia mwenyewe, siku utakuja.

NOBERT: Eh.

MBAMBU: Kaka, watu wanangoja. Wachimbe wapi?

NOBERT: Tukimzika nyumbani, watafanya nini?

MBAMBU: Barua inasema watafukua. Na wewe watakuita mbele ya watu, mwenye kutuletea sheria ndiye ameivunja wa kwanza.

NOBERT: Watanicheka.

MBAMBU: Watakucheka, ndiyo.

NOBERT: Wewe unataka nini?

MBAMBU: Sijui. Nilikuambia, sisikii kitu. Najua tu Baba hakupenda wakucheke.

NOBERT: Dakika moja, Aziz, tafadhali... Mbambu. Chimbeni kwa muji.

MBAMBU: Kwa muji.

NOBERT: Eh.

MBAMBU: Bon. (mbali na simu) Ninyi! Ni kule machinjio! Bebeni majembe! (karibu) Wameenda.

NOBERT: Waambie wamuweke pembeni ya mtu tunamjua. Nani iko huko?

MBAMBU: Hakuna mutu, kaka.

NOBERT: Namna gani hakuna?

MBAMBU: Walifyeka juzi. Iko nyasi na kibao cha muji, basi. Baba ndiye wa kwanza.

NOBERT: Peke yake?

MBAMBU: Peke yake.

NOBERT: Hapana. Mbambu, warudishe. Wakimbilie! Wachimbe kwa kahawa, kwa Mama, wacha wanicheke, mimi nitajibu— Haloo? Mbambu, unanisikia? Warudishe!

(tuu... tuu... tuu...)

NOBERT: Aziz... salio yako imeisha.