Nyumba Sitini na Mbili za Karatasi ya Kumi na Saba

Jumamosi tarehe 30 Novemba 1957, saa saba mchana, Mzee Mselem bin Idarusi atafunika wino wake na kutoka katika ofisi yetu ya ramani hapa Tanga, baada ya kazi ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Waandaaji wa sherehe ya kumuaga waliniomba mimi, Methusela, niliyekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na minne, niandike wasifu wake. Niliuandika mwezi wa Septemba, ukapigwa taipu, ukasifiwa. Huu mnaousoma si ule. Ule nimeuchana, na sababu yake nitaieleza, ingawa mpaka leo mshtuko wenyewe haujanitoka.

Mzee Mselem ni mtu wa Tongoni. Alianza kazi Oktoba 1926 kwa kushika mnyororo wa kupimia, akikata pori pamoja na wapimaji. Baada ya miaka mitatu mwandiko wake ulimtoa juani, ukamkalisha mezani. Tangu hapo pwani yetu yote, kuanzia Moa mpaka Mkwaja, imepita chini ya kalamu yake, kila hori la bahari na kila kisiwa, na majina yote ameyaandika kama wenyeji wanavyoyatamka.

Wote tuliofundishwa naye tunajua alivyokuwa mkali juu ya usafi wa kazi. Kabla ya kugusa kitambaa cha kuchorea alinawa kwa limau, akajifuta, akaweka leso chini ya kifundo cha mkono ili jasho lisidondoke. Karatasi yangu ya kwanza aliirudisha mara saba kwa sababu mstari wa mto ulikuwa mnene mno, na mara ya nane aliipokea bila kusema neno, nami nikaenda nyumbani nikijiona sultani. Siku moja mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam aliweka kikombe cha chai juu ya ramani, katikati ya mkondo wa Pemba. Mzee Mselem alikinyanyua polepole, akakiweka dirishani, akaendelea kuchora. Sisi wengine tuliinamisha vichwa tukingoja radi, lakini mgeni mwenyewe aliinuka akaenda kunywea chai yake dirishani.

Basi katika ule wasifu wa kwanza niliandika kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kukosea. Hati ya heshima aliyoandaliwa ilisema hivyo hivyo, nayo ilikuwa imekwisha kutiwa kwenye fremu.

Mwezi wa Oktoba kampuni moja ya mkonge ilikuwa inangoja jibu la maombi yake ya ardhi kusini ya Tongoni, njia ya kwenda Mkwaja. Sehemu hiyo imo katika Karatasi ya Kumi na Saba, iliyochorwa na Mzee Mselem mwaka 1932, na pale palikuwa peupe kabisa, hakuna nyumba wala njia. Kilichobakia ni mchoraji mwenyewe kutia sahihi kwamba ramani ni ya kweli na kwamba mahali pale hapakai mtu. Bwana Mkubwa wa ofisi alimwita mbele yetu, akamwekea faili, akampa kalamu. Ilikuwa kazi ya dakika moja.

Mzee Mselem aliishika kalamu, akaitazama ile karatasi, kisha akaiweka kalamu chini. Akasema kwa sauti yake ya kila siku kwamba pale wapo watu, kwamba kijiji chao chaitwa Kitopeni, na kwamba yeye analijua jambo hilo kwa miaka ishirini na mitano.

Jamani, tuliduwaa. Lea, mpiga taipu wetu, aliacha mikono hewani juu ya mashine. Bwana Mkubwa aliuliza mara mbili kama masikio yake yamesikia vizuri, na mara mbili alijibiwa kwamba yamesikia. Sitaficha kwamba baadaye nilikasirika. Mtu aliyenirudisha mara saba kwa unene wa mstari alikuwa amekiacha kijiji kizima nje ya ramani, na akanyamaza.

Alitueleza ilivyokuwa. Mwaka ule wa 1932 wapimaji walipita Kitopeni mwezi wa Juni. Kiongozi wao alikuwa Mshambaa wa milimani, Abrahamu, marehemu sasa, mtu mwaminifu, na kwao watu hawahami nyumba zao hata mvua inyeshe vipi. Alikuta nyasi zimefika kizingitini, milango imeegeshewa makuti, hakuna moshi wala kuku. Akaandika katika daftari lake kwamba ni mahame, kijiji kilichokwisha kuachwa. Abrahamu hakujua kwamba watu wa pale, mpunga unapoiva, hufunga nyumba wakahamia shambani mji mzima, wakakaa huko juu ya madungu, yale majukwaa ya miti, kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, mpaka mavuno yaishe.

Lakini Mzee Mselem alijua. Mama yake mwenyewe alikuwa akimpeleka dunguni kila mwaka. Alipoisoma tarehe ndani ya daftari moyo wake ulishtuka, akasema, ila karatasi ilitakiwa kupelekwa kuchapwa kesho yake, naye alikuwa mchoraji mpya aliyeogopa kuonekana anabishana na daftari la wapimaji. Akapaacha peupe. Miezi miwili baadaye alikutana sokoni na watu wa Kitopeni wakiuza mpunga wao, akawaamkia, akarudi ofisini, akakaa kimya. Kila mwaka uliopita ulifanya neno lile kuwa zito zaidi kulisema. Ndivyo alivyosema, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Bwana Mkubwa alimwambia waziwazi kwamba angeweza kutia sahihi, akastaafu na heshima yake, na lawama ikabaki na daftari la marehemu. Mzee Mselem alijibu kwamba Abrahamu aliandika alichokiona, na kwamba yeye ndiye aliyejua. Akaomba ruhusa ya kwenda kupima upya. Alipewa siku kumi, na mimi nikatumwa kwenda naye, nadhani kwa kumchunga.

Tulizikuta nyumba sitini na mbili. Wenyewe hawakuwa na habari yoyote kwamba mahali pao panaombwa. Mzee Mselem aliwakusanya, akawaambia kila kitu bila kujipunguzia, akaomba radhi. Kijana mmoja aliuliza kama basi wao walikuwa hawapo duniani muda wote huo, na hakuna aliyecheka.

Aliyeinuka alikuwa Bi Kijakazi, mama mtu mzima wa pale. Hakumtukana. Alimshika Mzee Mselem mkono kama mtu anayemwongoza mgeni chooni, akampeleka nyuma ya msikiti, penye makaburi. Akamwonyesha moja moja, huyu fulani, huyu fulani. Mengi yalikuwa mafupi, ya watoto. Alisema zahanati ilipojengwa, wakubwa walitazama ramani, wakaona huku hapana watu, wakaiweka ng'ambo ya mto, na masika mto hauvukiki. Alilisema hilo kama anavyosema habari ya mvua. Mzee Mselem alikaa chini, pale pale mchangani, na shati lake jeupe.

Ndipo Bi Kijakazi akamwomba awachore na hao. Nyumba akizichora ni vyema, alisema, lakini mwakani wao wataenda tena mpungani, na akija mtu mwingine na daftari lake atasema tena hapana watu. Sisi twahama kila mwaka, akasema, hawa hawahami.

Katika ramani zetu hakuna alama ya makaburi ya vijijini. Tuliporudi nilimkumbusha Mzee, naye akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mwanafunzi wake. Alinawa kwa limau, akachora nyumba sitini na mbili, kisha akachora makaburi arobaini na moja, madogo kwa makubwa kama yalivyo, akaongeza pembeni maelezo ya alama hiyo mpya. Chini ya karatasi aliandika kwamba ile ya mwaka 1932 ilikosewa na Mselem bin Idarusi, akatia sahihi.

Hati ya heshima imeondolewa kwenye fremu. Leo atapewa barua ya kawaida ya kuthibitisha miaka yake ya kazi, naye amesema yamtosha. Watu wamemlaumu, na wana haki. Mimi mwenyewe nimemlaumu mbele yake, akaniitikia.

Jumatatu iliyopita jibu la maombi lilifika, na Lea alitusomea akiwa amesimama. Wakubwa waliandika kwamba nyumba za miti na makuti zingeweza kuhamishwa pamoja na wenyewe, na hilo peke yake lisingezuia kitu. Lakini makaburi arobaini na moja yaliyomo katika karatasi mpya hayawezi kulimwa mkonge, kwa hiyo mpaka wa shamba la kampuni utasogezwa hadi ng'ambo ya mto na Kitopeni itabaki ilipo. Wale watoto ndio waliowabakiza wazazi wao. Mzee Mselem aliomba asomewe tena mahali hapo, akasomewa, akafunika uso kwa leso yake ya kazini.

Mzee Mselem, shikamoo. Ahsante kwa kutufundisha kuchora mstari mwembamba, na ahsante zaidi kwa siku ile uliyoweka kalamu chini. Uende Tongoni na afya njema, ukae na wajukuu, ulale usingizi ulioukosa. Na Bi Kijakazi amekutumia salamu kupitia kwangu: dungu lako limekwisha kujengwa, na mpunga ukiiva Kitopeni, uende ukaamie ndege pamoja nao.