Mwalimu Zaidi na Neno Alilotaka Kulifuta

Ndugu zetu waombolezaji, majirani, walimu na wanafunzi mliokuja kutushika mkono, nasimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Mwalimu Zaidi. Kazi hii ilikuwa ya mjomba, lakini marehemu aliacha maagizo kwamba asome binti yake fundi cherehani, yaani mimi, na nyote mnajua mama akishakata shauri hakuna wa kumbishia. Historia yenyewe aliiandika kwa mkono wake katika daftari la mazoezi, kwa kalamu nyekundu, na pale pa tarehe ya kifo akaacha nukta ili sisi tujaze, kama alivyokuwa akiwaachia wanafunzi. Ndani yake kuna aya moja inayotuhusu mimi na yeye, na jana mjomba alinivuta kando akaniomba niiruke, akisema mambo ya ndani yabaki ndani, nami nilimwitikia kwa heshima zote, lakini nitaisoma.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba seremala na mama mkulima wa mboga. Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kuimaliza mwaka 1970, na mwenyewe alipenda kusimulia kwamba Kiingereza chake cha kwanza hakukipata darasani, alikipata kwenye makopo ya rangi na pakiti za misumari za babu, akikaa juu ya maranda na kusoma kwa sauti maneno asiyoyajua maana, mpaka babu anamwambia anyamaze, wateja watadhani karakana imeajiri mzungu. Akasoma sekondari kuanzia mwaka 1971 hadi 1974, kisha chuo cha ualimu mwaka 1975 na 1976, akahitimu kwa alama nzuri.

Jumatatu ya tarehe 10 Januari 1977 aliajiriwa katika shule ya msingi ile iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali, na hapo hapo akafundisha miaka thelathini na tisa, muda mwingi katika chumba cha darasa la nne, chenye madirisha mawili yasiyo na vioo na ubao wenye ufa unaoanzia pembeni mpaka katikati, akawa anaandika akiuruka ule ufa bila hata kuutazama. Alifundisha Kiingereza, na ndani ya Kiingereza kulikuwa na mada moja aliyoipenda mno, ile ya kulinganisha sifa, kubwa, kubwa zaidi, kubwa kuliko zote, na ndiko lilikotoka jina la Mwalimu Zaidi. Mtoto akisema more better, mama alishika kifua kama mtu aliyepokea habari mbaya, kisha akamwambia kwa upole kwamba ametia sukari mara mbili kwenye kikombe kimoja, sasa atoe kijiko kimoja. Aliwasimamisha watoto watatu mbele, mfupi, wa kati na mrefu, darasa zima likatamka sentensi mara tatu, maana kwake kitu kisichosemwa mara tatu hakijasemwa, na mpaka leo yuko mwenye duka mtaani kwetu, mtu mzima na kipara chake, ambaye hanipimii unga bila kuniimbia big, bigger, biggest.

Tarehe 20 Desemba 1980, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na marehemu baba yetu, aliyekuwa dereva wa lori, mtu mpole wa maneno machache, ambaye kila akirudi safari na kusema amechoka, mama alimuuliza amechoka kuliko nani, naye baba anacheka huku anavua viatu. Waliishi pamoja mpaka Mungu alipomchukua baba tarehe 9 Agosti 2004. Walijaliwa watoto watatu, kaka yetu mkubwa ambaye ni fundi umeme, aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1982, na sisi mapacha tuliozaliwa Jumapili ya tarehe 2 Juni 1985, mwenzangu ambaye sasa ni muuguzi akinitangulia kwa dakika ishirini. Marehemu ameacha pia wajukuu saba.

Sasa nafika kwenye ile aya, mjomba nisamehe. Mwaka 1996 mimi na pacha wangu tuliingia darasa la nne, darasa la mama, na nyumbani tulimwita mama, shuleni tulimwita mwalimu, na ole wako uchanganye. Pacha wangu alikuwa anasoma kama maji yanavyotiririka, mimi herufi zilinicheza machoni, nikisoma mstari mmoja wenzangu wako ukurasa wa pili. Nawasomea alivyoandika mwenyewe, neno kwa neno.

Siku ya Alhamisi, tarehe 16 Mei 1996, kipindi cha tatu, mimi mwalimu nilikosa mfano, nikawasimamisha watoto watatu mbele ya ubao, wa mwisho akiwa binti yangu mdogo, nikawafundisha wanafunzi arobaini na tatu kusema kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye mzito wa kusoma kuliko wote, wakasema mara tatu. Nilimwona akitazama viatu vyake, nikaendelea na somo. Sentensi ile haikuwa na kosa la lugha hata moja, ndiyo maana nilijidanganya kwamba sikukosea. Mtoto yule nilimzaa mimi, nami nikamgeuza mfano. Nililisema mbele za watu, nalifuta mbele za watu.

Hapo ndipo aya inapoishia. Yeye hakuandika, kwa hiyo naongeza mimi, kwamba kabla kengele ya mapumziko haijalia nilikwishapata jina, Slowesti, yaani mzito kuliko wote, na niliitwa hivyo uwanjani mpaka namaliza darasa la saba mwaka 1999, nilipokataa katakata kuendelea na masomo nikaenda kujifunza kushona. Wala sijuti, cherehani imenilea na kunilelea wanangu. Lakini pia niseme haki yake, kwamba muhula uliofuata mama aliacha kabisa kuwasimamisha watoto, akawa anakwenda shuleni na kikapu chenye sufuria tatu, ndogo, ya kati na kubwa, zikigongana njia nzima, watu wakimtania kama anakwenda kupika au kufundisha. Alifundisha kwa sufuria hizo mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2016, na walimu wengine wakaiga. Nyumbani hakulizungumza, nami sikumuuliza.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2021, na kuanzia Januari 2023 akawa anasafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki, mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka, kwa kuwa kazi yangu naipanga mwenyewe. Ilikuwa tarehe 7 Februari mwaka huo, amelazwa pale, mashine inanguruma pembeni, aliponishika mkono akaniomba msamaha kwa jambo la darasa la nne, baada ya karibu miaka ishirini na saba. Nikamjibu kwa jeuri, bila kumtazama, kwamba jambo hilo hakulisemea chumbani. Akalichukua jibu lile kama mwanafunzi aliyepewa kazi ya kufanya. Akamwomba mwalimu mkuu nafasi ya kusimama nami mstarini asubuhi mbele ya shule, akapewa, Julai mwaka jana, nikasema nina sare za watoto za kushona. Akaomba tena, Machi mwaka huu, nikasema nina mafua. Mara ya tatu nilikubali, tukaandikiwa Ijumaa ya tarehe 11 Oktoba 2024, akachagua na gauni, nikamkunjia pindo mwenyewe. Alifariki Jumanne ya tarehe 8, saa nne asubuhi, wodini, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, miezi sita na siku ishirini na nne. Leo ndiyo Ijumaa hiyo, na gauni ndilo alilovaa.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia hata alipowasahihisha Kiingereza chao, inawashukuru majirani waliofagia uwanja na kupika tangu Jumanne bila kuambiwa, walimu wenzake, mwalimu mkuu aliyefunga madarasa ili watoto wafike, na wewe mjomba, uliyenyamaza nilipokuwa nasoma. Si rahisi kumtaja kila mmoja, tunaomba mpokee asante yetu kwa pamoja.

La mwisho ni langu, halimo daftarini. Mama, mimi nilikusamehe zamani, nilikusamehe siku ya kwanza uliyotoka nyumbani na zile sufuria, nikiwa na umri wa miaka kumi na moja, nikikutazama dirishani. Sikukwambia. Na uliponiomba hospitalini nilikuwa nalo jibu mdomoni, nikalimeza, kwa sababu maisha yangu yote wewe ndiye uliyetoa alama, na ilikuwa tamu kukuona unazisubiri kwangu. Sare zilikuwa zimekwisha. Mafua sikuwa nayo. Nilidhani muda upo. Umekufa hujui, na kosa hilo ni langu, nami nimelisema hapa, mbele ya watoto wa shule yako. Pumzika kwa amani, mama yangu.