Hodi ya Mara ya Nane

Basini, mkunga aliyekaa mbele yangu alikuwa akicheza mchezo wa maandishi matupu kwenye simu: "Uko mbele ya nyumba. Taa inawaka. Utafanya nini?" Akaandika "piga hodi". Simu ikajibu, "Sielewi." Akaandika tena na tena, hadi mara saba.

"Mama, andika 'ingia' tu," akasema karani aliyekaa naye. "Huu ni mchezo wa wanaoanza."

"Anayeanza nani? Miaka thelathini nazalisha majumbani. Hata mtoto akishatoa kichwa, hodi napiga!"

"Lakini ndani hamna mtu."

"Na taa kawasha nani?"

Mkunga akaandika hodi mara ya nane.

Basi liliposimama, mkunga alishuka. Mlango wa basi aliupita bila hodi, ila nani angethubutu kumwambia?