Sekunde Nne za Dada Lami

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu mtaisikia nzito. Sina mafua. Juzi nilikwenda kuzika, na nimechoka kusoma tanzia za watu. Miaka ishirini na miwili nakalia kiti hiki, hata chenyewe kimechoka kunibeba.

Tumempoteza Dada Lami, mkimbiaji wa marathoni, mwenye miaka arobaini na sita. Aliugua wiki tatu, akatuacha Jumapili. Jina la Lami alipewa na wenzake, maana miaka kumi na mitano alikuwa barabarani. Marathoni thelathini na moja.

Lakini hakuanzia barabarani. Alianzia uwanjani, mita elfu moja mia tano. Akiwa na miaka ishirini alizikimbia kwa dakika nne na sekunde tisa. Shikeni hiyo: dakika nne, sekunde tisa.

Sasa nije kwenye kosa langu. Miaka mitano iliyopita, kwenye maikrofoni hii hii, msikilizaji alipiga simu akauliza: hawa wa marathoni, ukiwarudisha kwenye mbio za kati, bado wana kasi? Nikacheka. Nikasema marathoni inakula kasi kama mchwa anavyokula mbao. Nikaongeza kwamba miguu ya Dada Lami sasa ni ya kwendea harusini. Ndiyo, nilisema.

Kesho yake asubuhi alikuwa mapokezi, na viatu vyake vya uwanjani vya zamani kwenye mfuko wa nailoni. Hakugomba. "Kaka mtangazaji," akaniambia, "nipe wiki sita, halafu uje na filimbi. Nitakimbia chini ya dakika nne na robo. Nikishindwa, sema utakavyo mpaka nizeeke." Alipogeuka kuondoka niliona ameubana mfuko ule kifuani. Maneno yangu yalikuwa yamemwingia.

Basi, Jumamosi moja asubuhi, uwanja wa shule, tulikuwa watatu. Yeye, mimi, na mdogo wake wa kike, fundi cherehani, aliyemshikia chupa za maji kwenye marathoni zote. Mbio hizi huanzia upande mmoja wa uwanja na kuishia upande wa pili. Mimi nilisimama na filimbi pale pa kuanzia. Mdogo mtu alisimama ng'ambo, kwenye mstari wa kumalizia, na saa mkononi. Hatukuwa na saa nyingine.

Nikapuliza. Akakimbia peke yake, mizunguko mitatu na robo tatu. Mzunguko wa mwisho kichwa kilikuwa kimelala upande, na miguu ile niliyoitukana ilikuwa inapiga chini kama sindano ya cherehani. Nikakatiza uwanja mbio, nikafika nahema kuliko yeye. Mdogo mtu akanionyesha saa: dakika nne, sekunde kumi na tatu.

Nilitangaza siku hiyo hiyo. Niliomba radhi, na wengi wenu mnakumbuka. Nimeirudia hadithi hiyo kila mwaka.

Juzi, baada ya mazishi, mdogo wake aliniita chumbani kwa marehemu. Jozi tisa za viatu zimepangwa nyuma ya mlango, nyingine na tope lake. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kaka, nina neno linanikaba. Siku ile ulipopuliza nilikuwa na chupa mkononi. Nikainama kuiweka chini kwanza, ndipo nikabonyeza saa. Mazoea ya marathoni, kaka. Kule sekunde nne ni za kupenga kamasi, nani anazihesabu?"

Nikamuuliza kama dada yake alijua.

"Alijua. Aliniona nimeinama. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, 'Mdogo wangu, ongeza nne.' Nikasema twende tukakwambie. Akasema, 'Mwili wa kukimbia tena sina, na wa kubishana na redio sina. Nikiwa hai mwache. Nikienda, mwambie asahihishe. Sitaki kulala kaburini na sekunde zisizo zangu.' Na kila ulipoisimulia, kaka, alikuwa anazima redio."

Nilikaa chini, wasikilizaji. Niliona aibu.

Basi nasahihisha. Dakika nne, sekunde kumi na saba. Si kumi na tatu, ni kumi na saba. Alichoahidi alikikosa kwa sekunde mbili, akiwa na miaka arobaini na moja, peke yake, bila mtu wa kumvuta. Na wewe uliyepiga simu, jibu lako ni hili: kasi inapungua, haiishi. Sekunde nane katika miaka ishirini na mmoja. Mimi nimepoteza zaidi ya hizo kwenye ngazi za studio hii.

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mimi nilinena mara mbili, na mara zote mbili nilikosea.

Kwa mdogo wake, na kwa mama yao mzazi, poleni sana. Mungu awape subira. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu umeshamwambia kwamba wakati wake umepita, nenda kamwangalie akiwa kazini kabla hujasema tena.

Fundi mitambo, zima muziki. Marehemu huwa tunawapa dakika nzima ya ukimya. Leo ni sekunde nne tu. Hesabuni nami kimoyomoyo.

Asanteni. Ni ndefu, eti? Kwa muda huo Dada Lami alikuwa ameshakwenda zaidi ya mita ishirini, na sisi bado tumeinama.