Aliyechelewa Boti

Nawasalimu nyote, ndugu zangu, wa msikitini na wa kanisani. Msinicheke nikianza na sufuria ya maharage.

Nilikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo ya Wagiriki. Tulipita maji yenye vita, na adhuhuri moja, maharage yakichemka jikoni kwangu, kombora likatupiga ubavuni. Kengele ikalia, wote wakakimbilia boti ya kuokolea watu. Wote, isipokuwa mimi. Nilipofika wakanivaa: "Nusura tufe kwa ajili yako! Ulikuwa unaonja chumvi?"

Nikaamini mimi ni mwoga.

Tukaletwa hapa Maskati. Wenzangu wakarudi baharini, mimi nikabaki naosha magari mtaa wa Wadi Kabir. Nikienda Matrah, kule bandarini, natembea nimeipa bahari mgongo. Mimi, niliyewaahidi wadogo zangu kuizunguka dunia!

Mteja wetu mmoja, mama wa Kiomani mwenye asili ya Unguja, akanikuta naosha gari huku nalia. Nikamwambia nilikuwa mpishi melini. "Mwanangu, nna mchuzi nyumbani umenishinda, hebu njoo ukautazame." Nikaenda kwake Ghubra. Ndugu zangu, nawaambia, mchuzi ulikuwa mtamu kuliko wangu! Alitaka tu nishike mwiko tena.

Ndipo nahodha wangu wa zamani, yule Mgiriki, akapita mjini, akaniita chai Matrah. Akanisimulia merikebu za matanga za babu zake, za kubebea ngano. Vita ilipowafikia hawakuwa na manowari, basi wakashusha ngano, wakapakia baruti na mizinga. Chombo cha mbao, baruti tumboni! "Unajua amri ya kwanza alipewa nani? Mpishi. Zima moto."

Kisha akauliza, "Wewe ulichelewa kwa nini?"

"Nilikuwa nazima jiko na kufunga gesi, kapteni. Woga ulinikawiza."

Akaweka kikombe chini. "Moto ulifika hadi mlango wa jiko. Tungelipuka na boti ingali ubavuni mwa meli. Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Jioni ile yule mwenzetu aliyenitukana zaidi, kapteni akiwa amemweleza yote, akanipigia simu. "Mpishi, maharage yangu yameiva?" Tukacheka, halafu tukalia.

Jumamosi napanda meli tena. Naogopa, ndiyo, lakini naenda. Asante mama wa mchuzi, asante kapteni, asanteni nyinyi mlionipa nusu ya godoro. Nami nawaachia hili: mwenzako akichelewa, kabla hujamtukana, muulize alikuwa anazima nini.