Mwalimu Aliyekataza Neno "Sawa"

Wapendwa majirani wa kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, nanyi mliopanda minibasi kutoka Lilongwe, mimi ni Gaspard, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu Capitoline, nami nitasoma hadi mwisho hata sauti ikinikatika.

Capitoline alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kadutu, Bukavu, akasoma shule ya msingi na sekondari hukohuko, akapata diploma ya ualimu mwaka 1998, akaanza kufundisha mwaka uliofuata. Tarehe 16 Agosti 2003 alifunga ndoa na fundi cherehani Dieudonné, mwanaume mpole ambaye dada alimshinda kwa maneno siku zote za ndoa yao, na Mungu akawajalia watoto wawili, Vainqueur, aliyezaliwa Bukavu mwaka 2005, na Bénie, aliyezaliwa hapa kambini mwaka 2011, miaka miwili baada ya vita kutufukuza nyumbani.

Kuanzia Januari 2013 alifundisha sekondari hapa Dzaleka, na ninyi wanafunzi wake mnaijua desturi yake, kwamba kabla ya kugusa chaki alitaka kila mmoja aseme moyo wake umeamkaje, na neno "sawa" lilikuwa marufuku, ukilisema unabaki umesimama mpaka upate neno lingine. Walimu wenzake walinung'unika kwamba mtihani hauulizi habari za moyo, lakini Nsabimana, aliyekuwa akipindua madawati kila akikasirika, alijifunza pale kusema "niko na woga" kabla ya kukunja ngumi, na leo ndiye aliyebeba msalaba mbele yetu.

Mwezi Septemba 2023 alipata uvimbe kwenye titi, na hapo dada yangu akafanya kilekile alichokataza, kwani kila tulipomuuliza alijibu kwamba yuko sawa, akawa anakwenda hospitali Lilongwe peke yake huku akituaga kwamba anafuata vitambaa vya mume wake kwenye maduka ya Old Town, nasi tukaamini. Ni Sumaya, mwanafunzi wake wa kidato cha tatu, aliyesimama asubuhi moja ya Februari akamwambia, "Na weye, Madame, moyo yako iko namna gani? Usituambie sawa." Dada alilia mbele ya darasa zima, akasema anaogopa kufa na kuwaacha watoto wake, kisha mchana uleule akarudi nyumbani, akatuita, akatueleza yote.

Ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali, lakini tangu siku hiyo hakwenda tena hospitali peke yake, Bénie alijua kwa nini mama anachoka, Dieudonné alipata kumwambia mambo ambayo alikuwa hajawahi kuyasema, na alipofariki Lilongwe, Jumapili tarehe 9 Juni 2024, sote tulikuwa tumemshika mikono.

Madaktari na wauguzi, zikomo kwambiri, nanyi majirani mliotupikia nsima, nanyi walimu mliofundisha vipindi vyake, hata mlionung'unika, tunawashukuru kwa moyo wote. Aliacha ombi moja tu, kwamba leo asiwepo mtu wa kumwambia Bénie asilie, kwa hiyo mwacheni mtoto amlilie mama yake.

Na kwa desturi yako, dada, ninaanza mimi: moyo wangu umeamka na hasira, na upweke, na shukrani. Pumzika kwa amani, na safari hii ukituambia uko sawa, tutakuamini.