Pikapu Iliyobaki Nyumbani

Ndani ya basi, kicheko cha mwanamke kilinifikia kutoka kiti cha nyuma kabla sijageuka. Mma Seabelo, muuza mtama wa Serowe, alikuwa akimcheka jirani yake wa safari, Rre Kabelano, aliyepakata gunia la chumvi ya ng'ombe. Huku Botswana, Mma ni mama, na Rre au Rra ni bwana.

“Rra, una pikapu mpya, halafu unakwenda kwenye ng'ombe wako kwa basi?”

“Njia ya kule ina miiba, Mma. Itakwaruza rangi.”

“Kumbe ulinunua bibi harusi! Pikapu ni ya kubeba ndama, na kinyesi chake.”

“Ni heshima pia. Nikiiegesha msibani, hata wazee wananisogezea kiti.”

“Na ng'ombe je, wanakusogezea?”

Basi zima likaangua kicheko. Mimi, mtunga mashairi nisiye na gari wala punda, niliwashinda wote kwa kucheka.

Tukasimama njia panda. Mzee mmoja alikuwa akingoja na mkokoteni wa punda. “Baba yangu huyo,” alisema Kabelano, sauti imemshuka.

“Naye hajaipanda pikapu yako?” aliuliza Mma Seabelo.

Kabelano aliteremka, akatua gunia mkokotenini, kisha akapaza sauti hata sisi tukasikia: “Baba, Jumamosi nakuja na pikapu. Wewe utakaa mbele, ndama nyuma!”